Majisafi na Maji Safi

Soma ubao wa mamlaka ya maji Arusha: Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira. Majisafi, neno moja. Limeunganishwa likawa jina la huduma, likasimama mkabala na majitaka: haya yanaingia nyumbani, yale yanatoka. Halisifu chochote. Lakini sikio halisikii nafasi kati ya maneno, na anayelipa ankara husikia maji safi, kisha akaongezea mwenyewe: na salama.

Safi na salama tumezoea kuyatamka kwa pumzi moja, kama kwamba la pili limekuja kulipamba la kwanza. Sivyo. Safi ni hukumu ya jicho na pua. Salama jicho haliwezi kuihukumu, na hakuna mahali panapolionyesha hilo wazi zaidi kuliko miteremko ya Mlima Meru. Huko kuna mji uitwao Maji ya Chai, jina lililotokana na rangi ya mto wake. Mgeni huiogopa rangi hiyo, kumbe kinachowadhuru watu wa eneo hilo hakina rangi, ladha wala harufu: ni floraidi, inayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia hata katika chemchemi inayometa kama kioo. Meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na inapozidi sana mifupa hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, ndipo ikashuka kufikia 1.5.

Sasa ingia dukani utafute chombo cha maji. Utaambiwa vyote ni vichujio. Hapa ndipo neno linapotuponza, maana kuchuja ni kuzuia kile kisichopita tunduni: tope, takataka, na kwa kichujio cha kauri kilicho kizuri, hata vijidudu vingi. Floraidi imeyeyuka ndani ya maji, inapita nayo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Mkaa wa kawaida wa kichujio, unaoondoa harufu vizuri, hauifai kitu.

Kinachofaa ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali penye hewa kidogo, kisha hupondwa na kupangwa ndani ya ndoo. Fosfeti ya kalisi iliyomo huinasa floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na Nakuru, kwenye Bonde lilelile la Ufa, nako unatengenezwa. Zipo pia mashine zinazoyasukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba mno; hizo huondoa floraidi na chumvi, ila zinataka umeme na humwaga sehemu kubwa ya maji. Kwa mwenye kisima cha chumvi Kigamboni zina maana. Kwa mwenye shida ya tope tu, ni hasara.

Nalipenda neno kutibu maji, kwa kuwa anayetibu hupima kwanza. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hupokea sampuli. Peleka chupa yako kabla ya kupeleka fedha dukani. Na kwa ndoo ya mkaa wa mifupa ningependa tuache kabisa neno kichujio. Mkaa huo hufyonza, tena una kikomo: ukishashiba, floraidi hupita kama kawaida na maji yanabaki kung'aa vilevile. Basi ubavuni iandikwe wazi: Kifyonza floraidi. Hakiui vijidudu. Mkaa ubadilishwe tarehe fulani.