Mpinzani wa Nafsi Yake: Mapenzi na Wivu katika Katuni za Mashujaa wa Marekani, 1938–1973

Toleo la kwanza la jarida la katuni la Action Comics, lililotoka Marekani mwaka 1938, hukumbukwa kwa jalada linaloonyesha mwanamume mwenye joho jekundu akiwa ameinua gari na kulipigiza kwenye mwamba, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba gari lile lilifikia mwisho huo kwa sababu ya dansi iliyoharibika. Katika hadithi hiyo ya Superman, iliyotungwa na Jerry Siegel na kuchorwa na Joe Shuster, vijana wawili wa mjini Cleveland, mwandishi wa habari aitwaye Clark Kent anamwomba mwenzake wa kazini, Lois Lane, watoke pamoja jioni, naye Lois anakubali shingo upande. Wakiwa wanacheza, mhuni mmoja anawaingilia na kutaka kumnyang'anya Clark mwenzi wake. Clark, ambaye angeweza kumrusha mhuni yule hadi barabarani kwa kidole kimoja, anajitia woga ili siri ya nguvu zake isifichuke, na ni Lois mwenyewe anayemzaba mhuni kibao, akamwita Clark mwoga, akapanda teksi na kuondoka. Wahuni wanamfuata na kumteka, na hapo ndipo Superman anapotokea, akawakung'uta kutoka ndani ya gari kama mtu akung'utavyo makombo kwenye kitambaa cha meza, kisha akalivunjavunja gari lenyewe. Siku ya pili ofisini Lois anamnunia Clark, huku moyo wake ukiwa umekwenda kwa yule aliyemwokoa.

Katika kurasa hizo chache mna kanuni yote ambayo katuni za mashujaa zingeifuata kwa miongo kadhaa. Pembetatu ya mapenzi, yaani hali ya watu wawili kumgombea mmoja, ni mali ya kale ya fasihi ya mataifa yote, lakini pembetatu ya Siegel na Shuster ilikuwa na jambo geni: pembe zake zilikuwa tatu na watu wake walikuwa wawili. Clark anampenda Lois, Lois anampenda Superman, na Superman ni Clark aliyevua miwani, kwa hiyo mpinzani anayemnyima mwanamume huyu usingizi ni yeye mwenyewe. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kwa Clark Kent kikohozi kilisikika katika kila toleo, ila aliyefichika ni mwenye kukohoa. Siegel alieleza baadaye kwamba wazo hilo lilitokana na aibu yake ya ujana, alipokuwa akiwatamani wasichana wa shuleni ambao hata hawakujua kwamba yupo, akajiuliza ingekuwaje kama angekuwa na uwezo ambao wao hawauoni. Inafaa kuongezwa hapa kwamba Joanne Carter, msichana aliyekaa mbele ya Shuster ili achorwe kama kielelezo cha Lois, aliolewa na Siegel mwaka 1948, kwa hiyo mtunzi alifika alikozuiwa mhusika wake.

Mhusika alizuiwa na biashara. Jarida linalouzwa toleo baada ya toleo huishi kwa jambo lisilokwisha, na mapenzi yaliyopata jibu humpunguzia mnunuzi hamu ya kurudi dukani. Mwaka 1940 Siegel aliandika hadithi ambamo Superman anamfunulia Lois siri yake na wawili hao wanakuwa washirika. Hadithi hiyo haikuchapishwa, na hali ikabaki kama ilivyokuwa. Wasomaji walilazimika kusubiri hadi mwaka 1991 kabla ya Clark kumwambia Lois ukweli katika mfululizo rasmi, na hadi 1996 kabla ya harusi yao. Uchumba uliochukua miaka 58 ni mrefu hata kwa vipimo vya hadithi za kubuni.

Waliofuata waliigeuza kanuni hiyo bila kuivunja. Wonder Woman, aliyebuniwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston mwaka 1941, alipata jina la Diana Prince kwa kulinunua: alimpa fedha muuguzi mmoja aliyetaka kumfuata mchumba wake Amerika ya Kusini, naye akachukua jina lake, miwani yake na kazi yake ya hospitalini, mradi awe karibu na rubani mgonjwa, Steve Trevor. Matokeo yake ni kwamba Steve alimwota Wonder Woman mchana na usiku huku muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda chake akimwonea wivu mwanamke ambaye ni yeye mwenyewe. Kwa Batman mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwani wanawake waliingia na kutoka, na mvuto wake wa kweli ulikuwa kwa mwizi, Catwoman, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1940.

Badiliko kubwa lilitoka nje ya ulimwengu wa mashujaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mauzo ya katuni za mashujaa yalishuka, na mwaka 1947 Joe Simon na Jack Kirby walianzisha Young Romance, jarida la katuni za mapenzi lililowalenga wasichana na wanawake vijana, ambalo liliigwa upesi na wachapishaji wengine. Mwaka 1954, baada ya daktari wa akili Fredric Wertham kuzilaumu katuni kwa kuharibu watoto, na kamati ya Seneti kusikiliza ushahidi jijini New York, wachapishaji walijiwekea Kanuni ya Katuni, yaani masharti ya kujidhibiti, ambayo pamoja na mengine yalitaka hadithi za mapenzi zitukuze nyumba na ndoa. Shujaa akawa amebanwa pande mbili: soko lilimzuia asioe, na masharti hayo hayakumruhusu kuwa na mapenzi ya aina nyingine.

Mhariri wa Superman, Mort Weisinger, alipata njia ya kupita katikati, nayo haikuwa nzuri. Mwaka 1958 Lois alipewa jarida lake mwenyewe, ambalo jina lake lilimtambulisha kama rafiki wa kike wa Superman, na humo alishindana na Lana Lang, mwenzake Superman wa utotoni, katika visa visivyo na idadi vya kutegeana mitego na kupelelezana. Hata nguva alitiwa katika mashindano, kwani mwaka 1959 ilielezwa kwamba Superman alipokuwa chuoni alimpenda mwanafunzi mmoja, Lori Lemaris, aliyeficha mkia wake wa samaki chini ya blanketi. Mwandishi wa habari aliyemzaba mhuni kibao mwaka 1938 alikuwa sasa anaadhibiwa toleo baada ya toleo kwa kosa la kutaka kuolewa, huku mwanamume aliyeyafurahia mashindano hayo akiachwa bila lawama. Ndoa iliruhusiwa tu katika zile zilizoitwa hadithi za kufikirika, ambazo hazikuhesabiwa kuwa zimetokea, na iliyo maarufu kati yake, ya mwaka 1963, ilitoa suluhisho ambalo hakuna kadhi angelifikiria: Superman anagawanyika kuwa wawili, mwekundu na wa buluu, mwekundu akamwoa Lois na wa buluu akamwoa Lana.

Wakati huohuo kampuni ya Marvel ilikuwa mikononi mwa watu waliokwisha kula chumvi nyingi katika katuni za mapenzi, kwani Stan Lee alikuwa ameziandika na kuzihariri kwa miaka, na Kirby, kama ilivyoelezwa, ni mmoja wa waanzilishi wa katuni hizo. Fantastic Four, kundi la mashujaa la mwaka 1961, halikuwa na utambulisho wa siri, kwa hiyo mpinzani alibidi awe mtu mwingine kweli. Sue Storm ni mchumba wa mwanasayansi Reed Richards, lakini Namor, mfalme wa baharini, anamtaka, na mwaka 1962 msomaji anaona kwamba si Namor pekee mwenye hisia: mdogo wake Sue wa kiume, Johnny, anaikuta picha ya Namor imefichwa nyuma ya vitabu kwenye rafu. Picha hiyo ndogo ina uzito kuliko mapigano yote ya toleo lile, kwa sababu kwa mara ya kwanza swali lilihusu moyo wa mwanamke, wala si ujanja wa mwanamume. Sue alimchagua Reed waziwazi mwaka 1964, na walioana mwaka 1965 katika sherehe iliyovamiwa na karibu maadui wote wa kampuni, huku Lee na Kirby, waliojichora humo, wakizuiwa mlangoni.

Ufundi huo ulifika kileleni kwa Spider-Man. Mary Jane Watson alitokea mwaka 1965 uso wake ukiwa umefunikwa na ua, wasichana wawili waliompenda Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, wakimtazama kwa mshtuko na wivu, lakini msomaji hakuonyeshwa sura yake hadi kisanduku cha mwisho, yaani picha ya mwisho, ya toleo la 42, mwaka 1966. Aliyemchora hapo ni John Romita, aliyekuwa ametumia miaka mingi akichora katuni za mapenzi katika kampuni shindani, na ambaye alijua jinsi ya kumsimamisha mwanamke mlangoni ili ukurasa mzima usimame naye. Kuanzia hapo Peter alikuwa kati ya Gwen Stacy, mwenye staha na upole, na Mary Jane, mwenye mzaha na asiyetaka kufungwa. Peter alimchagua Gwen, na uchaguzi huo ukawatia watunzi mashakani, kwa kuwa kilichobaki mbele kilikuwa ndoa, na waliamini kwamba ndoa ingemzeesha shujaa wa vijana.

Katika toleo la 121, la mwaka 1973, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, Gwen alitupwa kutoka darajani na kufa. Ukurasa wa mwisho wa toleo lililofuata unamwonyesha Peter akiwa peke yake chumbani. Mary Jane anaingia kumpa pole, naye anamfukuza kwa maneno makali, akimwambia kwamba mtu kama yeye hawezi kuhuzunika kwa ajili ya mwingine. Mary Jane anauendea mlango akilia, anaushika, anasita, kisha anaufunga, yeye akiwa upande wa ndani.