Ngano ya Rangi ya Waridi

Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja waliowahi kuona majahazi ya kaskazi yakitia nanga waliijua Basra, bandari ya Iraq, kwa tende zake, zilizoshindiliwa ndani ya makanda na kuteremshwa pwani yetu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1971 Basra yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisubiri nafaka kutoka ng'ambo. Ukame ulikuwa umeharibu mavuno ya Iraq, na serikali iliagiza mbegu bora ili wakulima waanze upya. Zikaingia bandarini zaidi ya tani 73,000 za ngano na tani 22,000 za shayiri.

Ngano ilitoka Mexico, nyumbani kwa ile ngano fupi yenye mavuno makubwa iliyompa mtaalamu wa kilimo Norman Borlaug Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Haikuwa ngano ya kusaga. Kila punje ilipakwa dawa ya kuvu iliyotengenezwa kwa zebaki, ikatiwa rangi nyekundu ya waridi ili mtu yeyote akiiona ajue si chakula. Hata hivyo watu waliila, na kufikia mwisho wa Machi 1972, hospitali za Iraq zilikuwa zimelaza wagonjwa 6,530, na 459 kati yao walifia humo. Waliofia vijijini, mbali na daktari na daftari lake, hawamo katika hesabu hiyo.

Ili kuelewa kwa nini mtu apake sumu mbegu anayotegemea kuishi kwayo, lazima tuanze na fugwe. Kuvu hii huingia kwenye mmea wa ngano ukiwa bado mchanga, hupanda nao taratibu bila kuonekana, kisha hujaza masuke unga mweusi unaonuka samaki mahali ambapo punje zilipaswa kuwa. Shamba zima laweza kupotea hivyo. Jethro Tull, mkulima wa Kiingereza wa karne ya 18, aliandika kwamba dawa ya kwanza ilipatikana kwa ajali: meli ya ngano ilizama karibu na Bristol, wakulima wakaokoa shehena iliyolowa maji ya bahari, wakaipanda kwa kuwa haikufaa tena kuliwa, na mazao yake hayakuugua. Kuanzia hapo watu wakawa wanalowesha mbegu kwenye maji ya chumvi. Mwaka 1807 Bénédict Prévost alionyesha nchini Ufaransa kwamba ugonjwa wenyewe unaletwa na kuvu, na kwamba mrututu kidogo tu, hii chumvi ya buluu ya shaba ambayo vizazi vya wakulima wa kahawa wameinyunyizia mibuni yao, unazuia mbegu zake kuota.

Zebaki ilikuja baadaye. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliingiza sokoni dawa ya mbegu yenye zebaki mwaka 1915, na baada yake wakemia wakaendelea kutafuta iliyo kali zaidi na rahisi zaidi kupaka. Walichokipata ni zebaki ya methili. Kwa macho ya mkulima ilikuwa neema. Kiasi kidogo mno kilitosha, bei yake ilikuwa ya chini, na fugwe ilikomeshwa. Lakini mchanganyiko huo una tabia moja ambayo zebaki ya kwenye kipimajoto haina: ukiumeza, karibu wote hufyonzwa na utumbo, huingia kwenye damu, huvuka ukuta unaoulinda ubongo, na hukaa humo.

Hili halikuwa siri. Mwaka 1940 madaktari Donald Hunter, Richard Bomford na Dorothy Russell walichapisha nchini Uingereza taarifa ya wanaume wanne waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya mbegu. Walianza kwa kuhisi ganzi vidoleni. Kisha miguu ikawa haiwatii, usemi ukawa mzito, na uwezo wao wa kuona ukajibana hadi wakabaki wanaona kilicho mbele tu. Mmoja wao alipofariki, ubongo wake ulichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1954. Picha hiyo ilikuwa sahihi kiasi kwamba wakati wavuvi wa Minamata, Japani, walipoanza kuugua ugonjwa usio na jina, ilikuwa ni taarifa hii ya kiwandani iliyosaidia kuelekeza vidole kwa zebaki. Kwa hiyo dalili kuu ambazo watu wazima wa Iraq wangezionyesha mwaka 1972 zilikuwa zimeandikwa miaka 32 kabla, kwa Kiingereza, katika jarida la madaktari. Anayekwambia msiba huu ulitokana na kutojua, muulize: nani hasa hakujua?

Ndege nao walitoa ushahidi wao. Sweden ilikuwa ikitumia zebaki ya methili kwa wingi kwenye mbegu kuanzia miaka ya 1940, na katika muongo uliofuata watu wakaanza kuokota njiwa na kwale waliokufa mashambani. Wakafuata vipanga na bundi, yaani wale wanaokula walaji wa mbegu. Wenye viwanda walisema zebaki imekuwepo duniani tangu zamani. Watafiti wakaenda kwenye makabati ya makumbusho, wakachukua manyoya ya ndege waliohifadhiwa kwa zaidi ya miaka mia, na kuyapima moja baada ya jingine. Kiwango cha zebaki kilikuwa tulivu kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi karibu mwaka 1940, kisha kikapaa. Sijui utafiti mwingine wa mazingira unaojibu hoja kwa unyoofu kama huo. Mwaka 1966 Sweden iliiondoa dawa hiyo kwenye mbegu.

Wakati huohuo dawa nyingine ya mbegu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake ya kutisha kusini-mashariki mwa Uturuki. Huko hawakutumia zebaki bali heksaklorobenzini. Kati ya mwaka 1955 na 1959, maelfu ya watu, wengi wao watoto, walikula mkate wa ngano ya mbegu. Ngozi zao zilitoka malengelenge kila zilipopigwa na jua, zikapona kwa makovu, nywele zikaota usoni, mkojo ukawa mwekundu kama mvinyo. Watoto wachanga walikufa kwa sumu iliyopita katika maziwa ya mama zao, na viko vijiji ambako kwa miaka kadhaa karibu watoto wote wa umri wa kunyonya walikwisha. Ghana ilipata msiba wake wa mbegu zenye zebaki mwaka 1967, Guatemala katikati ya miaka ya 1960. Na Iraq yenyewe ilikuwa imeonja mara mbili, mwaka 1956 na 1960.

Hivyo shehena ya 1971 ilitua katika nchi yenye kumbukumbu, na hilo ndilo linaloumiza zaidi. Mbegu ziligawiwa kwa wakulima kuanzia vuli ya mwaka huo. Sehemu nyingi zilifika msimu wa kupanda umekwisha au unakwisha. Piga picha ya kaya ya Kirkuk au Mosul: ghala limekauka baada ya ukame, na pembeni yamekaa magunia ya ngano nono ambayo haina tena kazi shambani hadi mwaka unaofuata. Kwenye magunia kulikuwa na maandishi ya Kihispania. Palichorwa pia fuvu la kichwa na mifupa miwili, alama ambayo Ulaya iliijua maana yake, lakini kwa mkulima wa Iraq ilikuwa mchoro tu. Wakulima waliambiwa wasile, na wengine waliweka alama ya kidole kukiri kwamba wameambiwa. Lakini mtu huyohuyo alikuwa amewahi kuambiwa na serikali mambo mengi ambayo hayakuwa kweli.

Na hawakula kijinga. Walijaribu kwanza. Baadhi yao waliwapa kuku na mifugo, wakasubiri siku kadhaa, wakaona mnyama anatembea na kula kama kawaida. Wengine waliiosha ngano hadi maji yakatoka mekundu na punje zikabaki safi, wakaamini kwamba rangi imeondoka pamoja na sumu. Mantiki hiyo haina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa aliyechagua rangi inayoyeyuka kwenye maji kuwa mlinzi wa sumu isiyoyeyuka hivyo. Kisha akina mama wakasaga, wakakanda, wakabandika mikate ukutani mwa tanuri, na familia nzima ikala. Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Wiki ya kwanza pia.

Zebaki ya methili haina haraka. Kati ya kula na ganzi ya kwanza zilipita wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Kufikia hapo mtu alikuwa amekwisha kula mkate wa kutosha kumwangamiza, na aliyekuwa na wasiwasi mwanzoni alikuwa amekwisha kutulia kwa kuona jirani zake wazima. Jaribio la kuku lilishindwa kwa sababu hiyo tu: lilikuwa fupi. Wagonjwa wa kwanza walifika hospitali mwishoni mwa Desemba 1971, na katika Januari wakawa wanaingia kwa mamia kwa siku. Wadi zilijaa watu waliokuwa wakipapasa ukuta, wasiosikia, wanaotembea kama walevi bila kunywa tone. Serikali ikatoa amri kali ya kusalimisha au kuharibu mbegu zilizobaki. Dawa zilizotumika ziliweza kuivuta zebaki kutoka kwenye damu, lakini seli ya ubongo ikishakufa hairudi.

Kuliko wote, waliopata pigo zito ni watoto ambao hawakuula mkate huo kwa midomo yao. Daktari wa watoto Laman Amin-Zaki na wenzake wa Baghdad, wakishirikiana na timu ya Thomas Clarkson wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliona jambo lililobadilisha elimu ya sumu: mama aliyelalamika ganzi kidogo tu, au asiyelalamika kabisa, alizaa mtoto asiyeona, asiyeweza kukaza shingo, ambaye ubongo wake haukukua. Zebaki ilivuka kondo la nyuma na kujikusanya ndani ya kijusi. Kwa waliozaliwa kabla ya msiba, maziwa ya mama yalibeba sehemu yake.

Watafiti walihitaji kujua kila mama alikula kiasi gani, na lini. Damu isingeweza kuwaambia. Inasahau ndani ya miezi. Nywele hazisahau. Zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita hubaki na zebaki iliyokuwa mwilini mwezi ule ilipoota. Wanawake wa vijijini Iraq walifuga nywele ndefu. Uzi mmoja uliokatwa vipande vipande uligeuka kalenda: huu ni mwezi kabla ya mkate, huu ni mwezi wa mkate, huu ni mwezi wa mimba alipokuwa akila zaidi. Kwa njia hiyo jozi 81 za akina mama na watoto ziliingia katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1995 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipopanga kiwango cha zebaki ambacho mama mjamzito anaweza kula katika samaki bila hofu, iliegemea nywele hizo. Mjamzito wa Boston aliyekataa kipande cha papa mezani miaka ile alilindwa na hesabu iliyolipiwa na mwanamke wa Iraq ambaye hakuna aliyemlinda.

Mikutano ilifuata, ukiwemo wa wataalamu uliofanyika Baghdad mwaka 1974, na polepole sheria nazo. Mkataba wa Rotterdam wa 1998 unamtaka anayesafirisha kemikali hatari zilizoorodheshwa, zebaki ya mashambani ikiwemo, apate kwanza ridhaa ya nchi inayopokea. Heksaklorobenzini iliorodheshwa katika Mkataba wa Stockholm wa 2001. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza viuatilifu vya zebaki. Ukihesabu kuanzia wale wafanyakazi wanne wa Uingereza, ni miaka 80.

Mbegu zenyewe hazijaacha kupakwa dawa. Paketi ya mahindi unayonunua kwa wakala wa pembejeo Makambako au Kitale ina punje nyekundu, za kijani au za buluu kwa sababu ileile: ndani ya rangi hiyo mara nyingi mna kiuakuvu. Thiram ndiyo iliyozoeleka kwa muda mrefu. Si zebaki, na si haki kuilinganisha nayo. Hata hivyo inawasha ngozi na macho, na ni ndugu wa karibu wa dawa wanayopewa walevi ili pombe iwachukize, hivyo aliyeishika kutwa bila glavu kisha akaketi kilabuni jioni anaweza kuugua kwa glasi moja tu. Umoja wa Ulaya uliacha kuiidhinisha mwaka 2018. Onyo la kwenye paketi zetu siku hizi mara nyingi limeandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Lakini maandishi yako kwenye paketi. Mbegu inayouzwa kwa kupimwa kwa kikopo sokoni, au iliyobaki msimu ukipita na kuhamishiwa kwenye gunia la nyumbani, haina maandishi yoyote.

Katika kazi ya misaada limo somo moja la vitendo ambalo Iraq ingelihitaji mwaka ule. Mashirika yanayogawa mbegu baada ya ukame au mafuriko yamejifunza kutopeleka mbegu peke yake. Pale inapowezekana, kila kaya hupewa pia mgao wa chakula, unga au mahindi ya kula, unaopangwa ufike pamoja na mbegu au kabla yake, na utoshe kuivusha familia hadi mavuno ya kwanza. Mbegu isiyotiwa dawa nayo hupendelewa pale ambapo njaa ni kali.