Nyumba ya Udongo Ina Umri Gani?

Sisi wahakiki tumezoea kuuliza matini ni ya lini. Nyumba nayo huulizwa hivyo hivyo, tena na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Mlango wa mbao uliochongwa umependelewa kidogo: mpaka wake ni 1940. Jengo la baada ya 1863 hungoja Waziri alitangaze.

Basi tuichukue sheria hiyo twende nayo Kisarawe na Kibaha, tuone itaokota nini. Misheni ya Wabenediktini pale Pugu, jirani na Kisarawe, ilianza 1888 na ikavamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Imechelewa. Kituo cha elimu cha Kibaha kilifunguliwa 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa serikali 1970. Hicho ndiyo kabisa, ni cha juzi. Na nyumba za Wazaramo je? Hizo hata mwaka hazina.

Ukuta wa fito hukandikwa upya, makuti huezekwa upya. Baada ya miaka thelathini huenda usipate ufito hata mmoja wa mwanzo. Lakini hebu ingia ndani: baraza mbele, ukumbi unaopasua katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma penye jiko na choo. Mgeni wa kiume huishia barazani. Shoga wa mama mwenye nyumba hupita hadi uani bila kuulizwa. Mpango huo umehama toka udongo hadi matofali ya saruji, toka makuti hadi bati, na bado ni ule ule.

Waingereza, ambao sheria zetu nyingi zimewaiga, walipata somo kama hili kwa nyumba zao za safu za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901). Ni nyumba nyembamba, ndefu kwenda juu, zimeshikana ubavu kwa ubavu, majirani wawili wakitumia ukuta mmoja. Jiko mara nyingi chini, watumishi darini. Orodha ya majengo ya kulindwa ilianza huko miaka ya 1940, lakini za Victoria zilionekana takataka tu. Chama cha kuzitetea, Victorian Society, kiliundwa 1958, na bado tao la stesheni ya Euston likabomolewa kuanzia 1961 pamoja na makelele yote. Matofali hayakubadilika, jamani. Kilichobadilika ni wasomaji wake.

Katika fasihi simulizi tulishakubali kwamba hadithi haina nakala moja ya asili. Fanani hubadili maneno, muundo unabaki. Mbona basi nyumba tunaidai ushahidi wa 1863? Fundi wa kukandika naye ni fanani.

Mtu atauliza: tulinde nini sasa, ukuta unaoyeyuka na mvua? Hoja hiyo ina nguvu, sikatai. Mimi ningeanza na kalamu na futi kamba: kupima vyumba, kuandika majina ya sehemu zake, kumsikiliza fundi anavyochagua miti. Tena mapema, maana Dar es Salaam inasogea. Nyumba nyingi mpya kandokando ya barabara ya Morogoro zina uzio na geti, na mgeni husimama juani akibonyeza kengele.