Amani Isiyoficha Vita



Tangu zamani wafalme wamekuwa wakiapa amani leo na kunoa panga kesho. Basi tuulize: amani ya kudumu baina ya dola hupatikana vipi?

Swali hili alilishughulikia Immanuel Kant, mwanafalsafa wa mji wa Königsberg katika Prussia. Mwaka 1795, Prussia ilipokwisha kupatana na Ufaransa huko Basel, alitoa kitabu kidogo juu ya amani ya milele. Alieleza kuwa maneno hayo yaliandikwa katika kibao cha Mholanzi mmoja mwenye nyumba ya wageni, na hapo kibaoni pamechorwa makaburi. Wanadamu wasipoitafuta amani wangali hai, wataipata huko.

Sharti lake la kwanza lahusu nia. Mkataba wenye kuficha azma ya vita vijavyo si amani. Ni kupumzisha silaha tu. Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kuzipima amali kwa nia, sharti hili halitupi taabu kulifahamu.

La pili, dola si shamba. Ni jumuiya ya watu, wala haifai kurithiwa, kubadilishwa, kununuliwa au kutolewa hidaya. Tena aliwalaumu Wazungu waliofika nchi za mbali na kuwahesabu wenyeji kuwa si kitu.

Je, alisikizwa? Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilifanya mapatano. Uingereza ilitoa kisiwa cha Heligoland. Ujerumani nayo ikauacha Witu na kukubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Wenyeji wa pwani hawakuulizwa. Mapatano hayo hayakuwapa amani hata wenyewe waliogawana, kwani mwaka 1914 walipigana wao kwa wao, na vita vikafika Afrika Mashariki, vikawachukua maelfu ya wapagazi wasiokuwa na ugomvi na yeyote.

Kant alitaka pia dola huru ziungane kuzuia vita. Shirikisho la Mataifa liliundwa mwaka 1920, na Umoja wa Mataifa mwaka 1945. Vyombo hivyo vina faida, lakini chombo hakiendi ila kwa nia ya mabaharia wake.

Basi enyi vijana wetu, msomapo mkataba wowote katika historia, ulizeni mawili: umeficha nini? Na wale waliogawanywa, nani aliwauliza?

Wabillahi tawfiq.