Kofia ya Askari: Kusoma Picha za Vita Mlandege

Katika nyumba moja ya Mlandege, mjini Iringa, zimehifadhiwa picha chache za kale ndani ya bahasha ya kaki. Iliyo kubwa kuliko zote ni ya kijana aliyesimama wima, mikono ubavuni. "Huyu ndiye babu," aliniambia bibi mwenye nyumba, "alikuwa askari wa Mjerumani." Sikupenda kumkanusha, ila kofia haikuafiki.

Askari wa Mjerumani katika vita vya 1914–1918 alivaa tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki, chenye kipande cha kukinga kisogo na jua, na nembo ya tai mbele. Kijana wetu amevaa kofia pana, ukingo wake umekunjwa upande mmoja, ya majeshi ya Afrika Mashariki katika vita vya 1939–1945. Kwenye mkono wa shati pana kichwa cha kifaru: alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943, ikapelekwa kisiwa cha Ceylon, na mwaka 1944 ikapigana na Wajapani huko Burma hadi mto Chindwin. Wazee wetu waliiita nchi hiyo Bama, na askari wenyewe wakaitwa keya, neno lililozaliwa na herufi tatu za jeshi lao, K.A.R. Washairi wenzangu, neno hili lingali hai ilhali karatasi nyingi zimekwisha kuliwa na mchwa.

Basi huyu si babu. Kofia imetaja vita, kifaru kimetaja divisheni. Jina la mtu havikulitaja. Nalo ndilo zito. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ina maandishi ya Kiswahili, lakini haina jina la askari hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nilimweleza bibi niliyoyaona. Alinyamaza, akaisogeza picha dirishani, kisha akataja jina la baba yake mdogo, aliyerudi kutoka Bama asipende kusimulia lolote. Tuliliandika nyuma ya picha kwa penseli, na alama ya kuuliza kando yake.