Programu za malezi kwenye simu: mtoto akijibwaga chini, nani aanze kutulia?

Juzi nipo kafe hapa Darajani, dada aliyekaa mashine ya pembeni anaandika "dawa ya mtoto mwenye hasira". Nikamwambia dada, dawa ipo, ila wa kuinywa ni wewe. Akaninunia! Basi naieleza hapa kwa kituo.

Programu hizi ni masomo mafupi ya malezi yanayomfikia mzazi kwa simu. Zinazojulikana zaidi huku kwetu zinatokana na Parenting for Lifelong Health, mpango wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu kikiwemo Oxford. Mwanzo wazazi walikuwa wanakusanyika na mwezeshaji. Tanzania Bara mafunzo ya wenye watoto wakubwa yaliitwa Furaha Teens. Korona ilipoingia 2020 mikusanyiko ikawa shida, ndo vikatoka vidokezo vya malezi mtandaoni, kwa lugha zaidi ya 100, na Kiswahili kimo. Ikaja pia ParentApp ya simu za Android, ambayo 2023 ilifanyiwa utafiti Mwanza kwa wazazi wenye watoto wa miaka 10 mpaka 17. Ukishaipakua inafanya kazi bila ya bando, na hapo ndipo ninapoipendea.

Wengi wanadhani itawafundisha kumnyamazisha mtoto. Sivyo. Inaanza na mtu mzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia hasira, hukomaa mtu akishapita miaka 20, kwa hiyo mtoto hawezi kujituliza mwenyewe, anaazima utulivu wa aliye karibu naye. Ukimpigia kelele anaazima kelele. Vile vidokezo vya 2020 vinasema: ukitaka kufoka, jipe sekunde 10, vuta pumzi na uitoe taratibu mara 5, halafu ndo ujibu. Kingine ni kumtengea mtoto dakika 20 zake peke yake kila siku, tivii na simu zimezimwa, na yeye achague mchezo.

Nilijaribu kwa mdogo wangu wa miaka minne. Huyu akinyimwa kitu hujibwaga sakafuni na kupiga kichwa. Zamani nilikuwa namtia kofi, analia zaidi, bibi anatoka chumbani anatugombeza sote wawili. Mara ya kwanza nilihesabu mpaka 6 nikashindwa. Mara ya pili nikafika. Nikakaa chini nikamwambia, "umekasirika kwa sababu nimezima katuni". Hakunyamaza papo hapo, msidanganyike. Ila kichwa aliacha kupiga.

Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011 inakataza ukatili na adhabu za kinyama kwa mtoto, lakini sheria haimwambii mama afanye nini saa 12 magharibi, uji unaungua na mtoto anagaragara. Pengo hilo ndilo programu hizi zinaloziba.

Tatizo nionavyo mimi, masomo yanamfikiria mzazi mmoja mwenye simu yake mkononi. Nenda Ng'ambo, nenda Makunduchi: mtoto analelewa na mama, bibi, shangazi na jirani, na jioni yupo chuoni kwa mwalimu. Mama akivuta pumzi bibi anamtisha na zimwi, kazi bure. Na simu nzuri ya nyumba mara nyingi tunayo sisi vijana! Kwa hiyo pakua wewe, kisha wasomee kwa sauti baada ya chakula.

Mimi nilimsomea bibi ile ya sekunde 10. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka: "Kwani nyie chuoni hamkufundishwa? Ukikasirika umesimama, kaa. Haijaondoka, katie udhu." Siku hizi akimsikia mdogo wangu anaanza, yeye ndo wa kwanza kuniambia nikae.

Aliyeijaribu kwa watoto pacha aandike hapo chini, kuna mdau kaniuliza na mimi sina jibu. Natoka, muda wangu wa mashine umekwisha.