Leslie Nielsen: Steringi aliyechekesha bila kucheka

Wadau, ukimtaja Leslie Nielsen, wengi wanamkumbuka Frank Drebin, yule kachero mwenye mvi wa sinema za Naked Gun, anayevunja kila anachogusa kisha anaendelea kuongea kama hakuna kilichotokea. Utadhani jamaa alianzia kwenye vichekesho. Wapi! Mpaka anafikisha miaka 54 alijulikana kwa mambo mazito.

Alizaliwa Februari 11, 1926 mjini Regina, Kanada. Baba yake, mhamiaji kutoka Denmark, alikuwa askari polisi. Kijana akapitia jeshi la anga, akasomea utangazaji Toronto, kisha uigizaji New York. Mwaka 1956 akawa kamanda wa chombo cha anga katika Forbidden Planet. Mwaka 1972 akawa nahodha wa meli inayopinduliwa na wimbi katika The Poseidon Adventure. Katikati hapo akajaa kwenye runinga: sauti nzito, sura ya kazi. Riziki ilikuwepo, umaarufu mkubwa haukuwepo.

Mwaka 1980 ndugu wawili, David na Jerry Zucker, pamoja na Jim Abrahams, walitengeneza Airplane!, sinema ya kuzitania sinema za ajali za ndege. Badala ya kujaza wachekeshaji, wakachukua waigizaji wa drama: Robert Stack, Lloyd Bridges, Peter Graves na Nielsen. Masharti yalikuwa kuigiza kama vile hawajui kuna kichekesho. Nielsen, akiwa daktari, anachungulia chumba cha rubani kuwatakia heri na kuwaambia kwamba wote wanawategemea. Anarudi kusema hayo hayo ndege ikiwa imeshatua! Hatabasamu hata kidogo.

Mwaka 1982 ikafuata Police Squad! ya runinga ya ABC, iliyokatishwa baada ya vipindi 6 tu. Kachero wake hakufa: akahamia kwenye sinema za Naked Gun za 1988, 1991 na 1994, na mzee akawa steringi wa dunia.

Sasa, wapo wanaoamini kwamba komedi ni kimbilio la walioshindwa drama. Mimi nabisha. Nielsen hakuitupa drama, aliingia nayo kwenye komedi. Tunacheka kwa sababu sauti ile tuliizoea kuiamini kwa miaka 30. Tazama Spy Hard ya 1996: alipoanza kukunja uso kutuonyesha kwamba anachekesha, utamu ukapungua.

Alifariki Florida Novemba 28, 2010, akiwa na miaka 84. Mwaka 2025 Naked Gun ilipofufuliwa, nafasi ya mtoto wa Drebin haikwenda kwa mchekeshaji. Walimpa Liam Neeson, mzee wa sinema za kipigo, mwenye sura ya kazi vilevile. Somo lilikuwa limeeleweka.